Mtani Wangu wa Mashineni

Mwezi uliopita nilimtukana maiti mbele ya watoto wake. Nilijilaza kwenye kizingiti cha nyumba ya Mzee Chilumba pale Mingoyo, na umri wangu huu wa kuitwa bibi, nikazuia jeneza lisitoke. Wanaume walikuwa wameshaliinua. "Haendi mtu!" nikapiga kelele. "Mmakonde huyu amekunywa nipa ya Lindi nzima, leo anataka kuondoka bila kutuachia hata tone? Mrudisheni ndani atapike kwanza!" Wanawake wa Mingoyo wakaangua kicheko katikati ya kilio, na sheikh akatazama pembeni, maana ni mwenyeji na mambo ya watani misibani ameshayazoea. Nikainuka nikayumba, nikashika ukuta, nikajikwaa kwenye viatu vya waombolezaji, nikanyakua kifuniko cha chupa ya chai iliyokuwa mkekani nikakinyoosha juu ya jeneza nikidai nimiminiwe changu. Ndipo kijana mmoja mwenye kanzu mpya akanikamata mkono kwa nguvu. Alikuwa Salum, mtoto wa kwanza wa marehemu, amekuja na basi kutoka Dar. "Maza, toka hapo bana," alisema. "Mzee wangu hajawahi kugusa pombe maisha yake yote. Unamchafua mtu hata hajazikwa?"

Mimi ndiye niliyekuja pale kuwashtua watu, na mimi ndiye niliyebaki mdomo wazi. Nilimtazama yule kijana usoni nikitafuta kama anatania. Hakuwa anatania. Shangazi yake akamvuta kanzu, akamwambia, "Mwache, huyo mtani wa baba yako, Mmwera huyo, ni haki yake," naye akaniachia, lakini macho hakuyaondoa kwangu. Nikasogea, jeneza likapita, wanaume wakaenda makaburini, sisi wanawake tukabaki na masufuria ya pilau. Nilikaa na sahani yangu mapajani mpaka pilau ikapoa. Hajawahi kugusa pombe! Chilumba! Mtu ambaye mimi nilimfahamu kwa sababu ya pombe tu, na kama si pombe pengine tungepita njia moja miaka yote tukasalimiana na kuachana.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ni ule niliohamishiwa shule ya msingi Mingoyo, nikiwa mwalimu kijana mwenye mtoto mmoja. Habari za nyumbani kwetu, na za mwanamume aliyenizalisha akanipa kisogo, siziandiki, hazina uhusiano na mashine ya kusaga. Nilipanga chumba kwa Bi Somoe, mama wa makamo, mtu wa Kilwa Kivinje kwa asili, mjane. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba vinne na ukumbi katikati, sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa mpaka unajiona. Chumba changu kilikuwa cha nyuma, dirisha linatazama jikoni, kwa hiyo kila kitu nilikijua kwa pua kabla ya macho: nazi ikikunwa, pweza akichemka, ubani wa Ijumaa. Bi Somoe alikuwa hapandishi sauti. Akitaka ufagie uwanja, atasema uwanja umejaa majani leo. Akitaka unyamaze, atakuuliza kama umekula. Tulikula kwake wali wa nazi karibu kila siku, kwa samaki au kwa kunde, na ugali wa makopa, yaani muhogo mkavu uliosagwa, aliuona chakula cha watu wenye haraka. Hilo la makopa nalisema mapema kwa sababu litarudi.

Nilikuwa nakunywa. Msimu wa korosho ulipoanza nilikunywa uraka, ile pombe ya mabibo, matunda ya mkorosho, kwa sababu kila mtu mashambani alikuwa anakunywa na ilikuwa tamu. Msimu ulipopita nikahamia kwenye nipa, ambayo ni mabibo hayohayo yaliyopikwa mpaka yakawa moto mtupu. Nipa ni nyeupe kama maji, na hiyo ndiyo ilikuwa raha yake kwa mtu wa aina yangu. Niliitia kwenye chupa ya chai. Nani atamuuliza mwalimu kwa nini anatembea na chupa ya chai? Nilikuwa natafuna karafuu, najifukiza udi, navaa ushungi safi, nafundisha hesabu darasa la tano, na nilikuwa na yakini kabisa kwamba hakuna kiumbe Mingoyo anayejua. Nikikumbuka yakini ile leo, mwili unanisisimka kuliko nikikumbuka pombe yenyewe.

Mchana mmoja wa Jumamosi nilijimiminia kwenye kifuniko cha chupa, kile kinachogeuka kikombe, nikanywa, nikajimiminia tena, usingizi ukanichukua mkekani. Nilipofumbua macho, Bi Somoe alikuwa amepiga magoti chumbani kwangu, amempakata mwanangu Rukia, ambaye hata kuongea vizuri alikuwa bado. Kichwa cha mtoto kilikuwa kinaning'inia. Bi Somoe alikuwa anampangusa uso kwa kanga iliyolowa, anamwita, anampigapiga mgongoni. Kifuniko kilikuwa kimelala ubavu, kikavu. Nilijaribu kusimama, miguu ikakataa. "Ana homa," alisema Bi Somoe bila kunitazama. "Nampeleka zahanati. Wewe pumzika, mwanangu, umechoka na kazi." Akatoka naye mbio, yeye asiyejua kukimbia. Rukia alilala zahanati na hakuamka mpaka siku ya pili, akaomba uji. Na mimi, badala ya kumshukuru Mungu kwanza, nilifurahi kwanza kwamba Bi Somoe amedhani ni homa.

Siku chache baadaye Bi Somoe aliniwekea mlangoni ndoo ndogo ya makopa. "Nenda kanisagie," alisema. Nikamwambia Bi Somoe, mashine ipo hapa jirani, na tangu lini wewe unakula makopa? Akaniambia ile ya jirani haisagi laini, niende kwa Chilumba, upande wa barabara ya Mtwara, na niende Jumapili mchana. Nikaenda. Chilumba alikuwa mwanaume mnene mwenye nyusi nyeupe kwa unga, amevaa kaptula, mashine inanguruma nyuma yake kiasi cha kutetemesha bati. Alichungulia ndoo yangu akaitazama kwa muda mrefu kuliko makopa yanavyostahili kutazamwa. "Hii ya Bi Somoe?" akauliza. Nikasema ndiyo. "Foleni ndefu, Mwalimu. Pita stoo ukae, utaitwa." Foleni yenyewe ilikuwa na wanawake wawili.

Stoo ilikuwa nyuma ya mashine, chumba kisicho na dirisha, mwanga unaingia kwa matundu ya matofali, magunia yamepangwa mpaka juu. Watu walikuwa wamekaa juu ya magunia na ndoo zilizopinduliwa, wanaume kwa wanawake, na kila mmoja alikuwa na kindoo au kifurushi cha kusaga kisichojaza hata kibaba. Nilipoona sura zao za aibu, na mlango ukarudishwa nyuma yangu, nilielewa mara moja. Hii ni kilabu! Kilabu ya siri, na Bi Somoe wa watu, asiyejua kitu, amenileta mwenyewe kwa miguu yangu! Nilifurahi jamani. Nikachagua gunia zuri nikakaa, nikasubiri kikombe. Kikombe kikaja, kikizungushwa na mama mmoja, nikakipokea kwa mikono miwili nikapiga funda kubwa. Ilikuwa chai ya mchaichai. Nilitazama ndani ya kile kikombe kama mtu aliyeibiwa.

Halafu nikamwona Maalim Hamisi. Maalim Hamisi aliyekuwa anasomesha madrasa watoto wa mtaa mzima, ambaye mimi nilikuwa navuka barabara nisipishane naye upepo usije ukanisaliti, alikuwa amekaa juu ya gunia la pumba, kofia yake imejaa unga, anamenya muhogo wa kuchemsha. Nusura niangushe kikombe. "Mwalimu, karibu," alisema, kana kwamba tumekutana harusini. Na kabla sijajibu, mwanaume mmoja mrefu, dereva wa malori aliyeitwa Bakari, ambaye baadaye nilijua ni Mmwera mwenzangu, akamnyooshea kidole Chilumba aliyekuwa ameingia akijifuta jasho, akapaza sauti kuishinda mashine. "Mnamwona Mmakonde huyu? Idi fulani mke wake wa kwanza alimtuma akalete mbuzi kijijini. Alikaa siku tatu. Akarudi na kamba! Mbuzi kamgeuza nipa yeye na wenzake, kamba akaileta nyumbani kwa uaminifu!" Stoo nzima ikacheka. Chilumba akacheka mpaka tumbo likaruka, halafu akaweka mkono kifuani. "Nimesikia," alisema. "Na yule mke hakukaa. Alikwenda na kamba yake."

Sikuwahi kuona kitu kama kile. Kwetu ulevi ni neno la kunong'ona. Mtu akifa kwa nipa tunasema presha. Na hapa watu wazima, tena mbele ya maalim, wanalianika jambo juani wanalicheka! Nilimuuliza Bakari siku ile, tukiwa tumekaa karibu, huu ni utaratibu gani. Akanisimulia kwamba miaka ya nyuma alikuja bwana mmoja wa afya kutoka mjini, akawakusanya walevi chini ya bati la ofisi ya kijiji, akawaambia kila mtu asimame, ataje jina lake, aseme mwenyewe kwamba ni mlevi. "Tulitawanyika kama kuku," alisema Bakari. Maalim Hamisi, ambaye naye alikuwepo amejificha nyuma, ndiye aliyewaeleza kwa nini miguu iliwakimbiza: Mungu amekusitiri, utakwendaje kuivua sitara yake kwa mkono wako mwenyewe? Basi wakabaki hivyo, kila mtu na sitara yake na chupa yake, mpaka siku Chilumba na Bakari walipokutana kwenye mazishi ya rafiki yao wa kilabuni. Kila mmoja kama mtani akamtukana mwenzake kwa ulevi wake, kweli tupu mwanzo mwisho. Wakacheka, wakalia, na walipofika nyumbani hakuna aliyekuwa na hamu ya kunywa. Wewe hujivui nguo. Mtani wako anakuvua, na mtani hakasirikiwi. Ndiyo hiyo ikawa kanuni yao: mtani aseme lolote alilolisikia, ila asiseme uongo, na wewe unajibu neno moja tu, nimesikia. Mashine lazima iwe inanguruma ili walio nje wasiambulie kitu.

"Sasa Maalim mtani wake nani?" niliuliza, maana Maalim alikuwa mtu wa Kilwa, na watu wa pwani ya kule siwajui kwa utani na mtu. Bakari akacheka. Hilo, alisema, liliwasumbua sana. Maalim alikaa miezi akila muhogo wa watu bila kutukanwa, wakawa wanamwonea huruma. Mwishowe mtu akakumbuka kwamba Bakari mwenyewe amemwoa dada yake Maalim, na shemeji ni mtani kokote uendako. Jumapili iliyofuata Bakari akasimama akaeleza jinsi shemeji yake alivyokutwa shambani, kanzu nyuma mbele, amesimama na bakora mbele ya mikorosho anaisomesha alifu, bee, tee, na mkorosho mmoja ameuchapa kwa kutojibu. "Alilia Maalim siku hiyo," alisema Bakari. "Akasema, nimesikia. Tangu hapo hajaanguka."

Chilumba aliniuliza kabila langu. Nikasema Mmwera. Akapiga kofi paja lake, "Aa! Mtani wangu huyu!" wote wakanipongeza kama bibi harusi, ila siku ile hakusema zaidi ya kwamba Wamwera tunapenda kuja kusaga wakati wa kula. Nikarudi nyumbani nimejaa unga kichwani, nikamkabidhi Bi Somoe ndoo yake. Hakuniuliza kitu. Jumapili iliyofuata ndoo ikawa mlangoni tena. Nikawa nakwenda, na niseme kweli, nilikuwa nakwenda kama mtu anayekwenda kutazama ngoma. Nilicheka mikasa ya wenzangu mpaka mbavu zikaniuma, nikala muhogo wao na korosho za kuchoma, nikatoka pale, nikafika chumbani, nikafungua chupa ya chai. Wale walikuwa walevi. Mimi nilikuwa mwalimu mwenye mawazo mengi.

Jumapili moja Chilumba alisimama katikati ya stoo, akanitazama, na hakuwa anacheka. Mashine ilikuwa inasaga mahindi magumu, kelele ni kelele. Aliongea, nikaona midomo tu. "Sijasikia!" nikamwambia, nikitabasamu, nimejiandaa kucheka. Akanisogelea, akapaza sauti yote aliyokuwa nayo. "Nasema, mtani wangu Mmwera ni mkarimu kupita kiasi! Kila mtu hunywa akamaliza, yeye anabakiza kifuniko kwa ajili ya mwanawe! Mtoto meno hayajatimia mdomoni, keshakunywa nipa! Akalala mchana na usiku, watu wakasema homa!" Nilikuwa bado ninatabasamu, kwa sababu uso ulikuwa haujapata habari. Nikawatazama wenzangu, nikingoja wacheke ili jambo liwe mzaha. Hakuna aliyecheka. Maalim Hamisi alikuwa ameinamisha kichwa. Yule mama wa chai alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kusikia utani usiochekwa, na sikujua mtu anafanya nini na utani wa namna hiyo. Neno la kujibu nilikuwa nalijua, lilikataa kutoka. Nilitoka mimi badala yake, nikaiacha ndoo.

Nilipita njia nzima nikiongea peke yangu kwa hasira, na nilipofika nilimkuta Bi Somoe amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, Rukia pembeni anakula machicha. Hata salamu sikutoa. "Umenitangaza!" nilimwambia. "Bi Somoe, mimi nilikuheshimu kama mama, na wewe umekwenda kunitangaza kwa wasaga unga!" Hakuacha kukuna. "Mimi nimesema nini?" aliuliza. "Umewaambia!" "Mimi nilisema homa, mwanangu. Zahanati nilisema homa, na wao wana pua zao. Na leo ukiniuliza nitasema homa. Mimi si mtani wako, sina ruhusa ya kusema lingine." Akaipangusa mbuzi, akaweka kifuu chini taratibu. "Bibi yake mtoto, mama wa baba yake, ameleta salamu kutoka Kivinje. Atakuja baada ya Idi. Amesikia maneno, anataka kumchukua mjukuu wake, na ana haki. Mimi ataniuliza mtoto anaishije hapa. Nitamwambia kitakachokuwepo siku hiyo." Nikamuuliza, kwa sauti ambayo haikuwa tena ya hasira, alijuaje habari za kwa Chilumba. Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Marehemu mume wangu alisaga pale mpaka alipofariki. Makopa kila Jumapili. Na wewe umekaa humu, umewahi kutuona tunakula makopa?" Nilikaa chini palepale vumbini. Kumbe unga wote ule, wa mumewe na wangu, ulikuwa ukiishia kwa kuku.

Yaliyofuata sitayapamba. Bi Somoe alimhamishia Rukia chumbani kwake, akaniambia ni kwa sababu ya mbu. Mimi nilitetemeka, nikatoka jasho, nikaona wadudu ukutani wasiokuwepo, nikatapika uji wa mchele alionipikia, akanipikia mwingine. Chupa yangu ya chai aliichukua, akaiosha kwa majivu na maji ya moto, na kila asubuhi niliikuta mezani imejaa chai ya mdalasini. Jumapili nilirudi mashineni, ndoo yangu ilikuwa palepale nilipoiacha. Nikasimama mlangoni mwa stoo nikasema kwa sauti ya kuishinda mashine, "Nimesikia!" Chilumba akanisogezea gunia. Nilianguka tena mara moja wakati wa Ramadhani, baada ya kufuturu, na Jumapili yake akasema mtani wangu juzi amekwenda kuisalimia mikorosho kabla ya msimu. Watu wakacheka, nami nikacheka, nikasema nimesikia, huku nikihesabu siku zilizobaki kufika Idi.

Bibi yake Rukia alikuja kweli, amevaa baibui, mkoba wa nguo za mtoto ameshauandaa kwapani. Alikaa ukumbini juu ya mkeka, hakuvua viatu vya moyo wake hata kidogo. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba kwa pua. Chupa yangu ya chai ilikuwa mbele yake, na nilijua, kwa namna alivyoitazama, kwamba maneno yaliyomfikia Kivinje yalikuwa na chupa ndani yake. Basi mimi, ambaye siku zote nilijidhania msiri! Aliifungua mwenyewe. Akaweka pua, akavuta pumzi ndefu. Akamimina kwenye kifuniko, akaonja. Nilikuwa nimesimama mlangoni, na Rukia ameishika kanga yangu. "Sukari haipo?" aliuliza. Bi Somoe akamletea sukari. Akanywa, akamgeukia Bi Somoe, akamuuliza mtoto anaishije katika nyumba hii. Bi Somoe akapima maneno yake, maana nilimjua, hakuwa mtu wa kusema jambo limekwisha na halijaisha, hata kwa kunihurumia. "Aliwahi kuugua homa," alisema. "Imepona." Yule mama alilala siku mbili, akala pweza, akaondoka na mkoba wake mtupu, nguo za mtoto akatuachia.

Huyo ndiye Chilumba niliyemtukana mwezi uliopita. Alioa tena mwaka uliofuata, akazaa watoto, na Jumapili zote za maisha yake aliishi ndani ya kelele ile ili watoto wake wasisikie kitu. Sasa nimefikiri, nimeelewa kwa nini nilishtuka vile aliponikamata mkono Salum. Miaka yote nilidhani tunasema kweli ili watu wajue. Kumbe mtu mmoja ameweza kusemwa kila wiki kwa kweli tupu, na mwanawe wa kumzaa akafika utu uzima bila kumwona hata siku moja akiyumba. Nilitamani kumwambia kijana yule kwamba hakuna sifa kubwa kuliko hiyo aliyomsifu baba yake, lakini ningemwambiaje bila kumvua mzee? Alipotoka makaburini alinijia, akaniomba radhi. "Nimeambiwa ndiyo mila yenu, mama, mnatunga tu vya kuchekesha." Nikamwambia ndiyo, baba, tunatunga. Mtani hasemi uongo, na pale nikawa nimesema.

Jioni ile tulikaa mimi na Rukia kwenye benchi nje ya mashine tukisubiri bajaji. Rukia sasa ni muuguzi Lindi mjini, mwanamke mrefu mwenye watoto wawili, na alikuja kuzika kwa sababu Mzee Chilumba alikuwa akimletea korosho tangu utoto. Mashine siku hizi ni ya umeme, na siku hiyo ilikuwa imefungwa, kimya kabisa. Rukia alianza kucheka peke yake. "Mama, wewe ulipaswa kuigiza kwenye luninga. Kule kuyumba! Na kile kifuniko cha chai, ulivyokishika kama mtu aliyezoea! Mtu hata harufu ya pombe hujawahi kunusa, ulijifunza wapi?" Nilimgeukia nikamwangalia. Muuguzi, anayewaogesha walevi wodini kila siku. Niliona mshtuko wa Salum umenifuata mpaka kwangu, umekaa benchi moja na mimi. "Muulize mtani wangu," nilimwambia. "Mtani wako si tumemzika leo?" alisema, bado anacheka.

Kweli tulikuwa tumemzika. Bi Somoe naye alikufa zamani na homa yake mdomoni, Bakari na Maalim walishatangulia, na hapakuwa na mtu mwingine Mingoyo nzima mwenye ruhusa ya kusema. Wala hapakuwa na kelele ya kutusitiri. Nikakohoa. Nikaweka mikono kiunoni nikiwa nimekaa vilevile, nikapanua kifua, nikaitafuta sauti ya Chilumba nikaipata. "Palikuwa na Mmwera mmoja," nikaanza, "mkarimu kupita kiasi. Kila mtu hunywa akamaliza, yeye anabakiza kifuniko kwa ajili ya mwanawe." Rukia akajisogeza karibu, akaniwekea mkono begani, tayari anatabasamu.